Rangi, Ladha na Harufu: Ushairi wa Kiswahili Mbele ya Mto Mara

Mtoto wa chuoni, Unguja na Pemba kama kwengineko pwani, hufunzwa mapema kuwa maji hutazamwa kwa sifa tatu: rangi, ladha na harufu. Ikigeuka moja kati ya hizo kwa kuingiwa na najisi, maji hayo hayafai tena kutawadhia. Kanuni hiyo ni ya tohara. Haikuwekwa iwe kanuni ya tiba wala ya kemia. Hata hivyo imevuka kizingiti cha msikiti na kuingia katika utunzi. Maji mazuri katika ushairi wa Kiswahili ni maji maangavu, matamu, yasiyonuka. Na maji mabaya ni yale ambayo jicho, ulimi au pua vimekwisha kuyakataa. Mshairi, awe mfuasi wa vina na mizani au wa mtindo huru, huyahukumu maji kwa hisi zake mwenyewe, kisha huuita umma uje ushuhudie.

Ushairi wa namna hiyo utafanya nini basi mbele ya maji ambayo hayakugeuka sifa hata moja, na bado yana madhara? Swali hili limekwisha kuulizwa na mto mmoja ulio mbali sana na pwani, unaopita baina ya wilaya za Tarime na Serengeti mkoani Mara, na hadi leo watunzi wa Kiswahili hawajalijibu kwa namna inayoridhisha.

Inafaa kwanza kuitazama bidhaa iliyopo sokoni. Mashairi ya mazingira yamekuwa jambo la kawaida katika kurasa za ushairi za magazeti, katika mashindano ya skuli na katika maadhimisho ya kila tarehe 5 Juni. Sura yake inajulikana hata kabla ya kusomwa. Ubeti wa kwanza humsifu Mola kwa neema ya misitu na mito; wa pili huja na “lakini”; wa tatu huhesabu makosa, miti iliyokatwa na takataka zilizotupwa ovyo; na kuanzia hapo hadi tamati ni amri tupu: tupande, tutunze, tusafishe, tuache. Kina cha “mazingira” huvutana na “hasara”, “hasara” na “bora”, na “bora” na “fukara”, mpaka msikilizaji anaweza kuumaliza mshororo kabla ya manju mwenyewe. Vina si kosa lake, wala mawaidha si kosa lake. Ushairi wa Kiswahili umekuwa ukiwaidhi tangu ulipoanza kuandikwa, na mawaidha yamezaa baadhi ya tungo kubwa kabisa za lugha hii. Kosa lake ni kile kiambishi cha “tu-”. Katika tungo hizo anayechafua ni “sisi sote”, anayepaswa kusafisha ni “sisi sote”, na anayeumia ni “sisi sote” vilevile. Mwenye mgodi na mwenye kibuyu cha maji wamefungwa katika nafsi moja ya sarufi. Lawama iliyogawiwa kwa usawa namna hii haimfikii mtu yeyote, na ndiyo maana mashairi haya hupendwa sana kwenye majukwaa ya wageni rasmi.

Mto Mara haukubali sarufi hiyo. Huanzia Kenya katika misitu ya Mau, ukapita Maasai Mara na kaskazini ya hifadhi ya Serengeti, kisha ukashika njia ya magharibi, Tarime ikiwa ukingo wake wa kaskazini na wilaya ya Serengeti ukingo wa kusini, hadi kwenye bonde pana la mafunjo lililo kabla ya Ziwa Victoria. Urefu wake ni kiasi cha kilomita 395. Maji yake hayafiki Bahari ya Hindi abadan. Hutoka ziwani kwa Jinja yakashuka na Nile hadi Misri, kwa hiyo msomaji wa Wete au wa Mkunazini ana haki ya kusema kuwa hakuna tone la Mara litakalomfikia ufukweni kwake. Lakini lugha ambayo maji hayo husemewa, kuanzia baraza la kijiji cha Nyamongo hadi Bungeni, ni yake yeye. Na ghala la mbinu za kuyasemea, yaani fumbo, jazanda na utenzi, liko pwani zaidi kuliko mahali pengine popote.

Mwezi wa Machi 2022 maji ya mto huo, upande wa Daraja la Kirumi kwenye njia ya Musoma kwenda Tarime, yaligeuka meusi. Yakanuka. Samaki wakaelea wamekufa. Sifa zote tatu za chuoni ziligeuka kwa pamoja, na nchi nzima ikaona kwa sababu picha zilikwenda simu kwa simu. Serikali ikaunda kamati ya wataalamu chini ya Profesa Samwel Manyele wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kamati ikaeleza kuwa uchafuzi ulitokana na kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza bondeni, mambo yaliyomaliza hewa ya oksijeni majini na kuwakosesha samaki pumzi. Mgodi wa dhahabu wa North Mara, ambao wengi walikuwa wamekwisha kuunyooshea kidole, haukutajwa kuwa chanzo.

Nchi ikacheka. Siku zile za Machi zinastahili kukumbukwa na mwanafunzi wa fasihi, kwani ni nadra ripoti ya kitaalamu kupokewa kwa kejeli iliyoenea kiasi kile. Ng'ombe wa Mara alifanywa mshitakiwa, shahidi na mhusika wa vichekesho kwa wakati mmoja. Swali lililorudiwa zaidi lilikuwa la kimantiki kabisa: ng'ombe walikuwako mtoni tangu enzi za mababu, mbona mto haukuwa mweusi jana? Kwa Wakurya swali hilo lilikuwa na uchungu wake wa ziada. Ng'ombe katika utamaduni wao si mfugo tu. Ndiye mahari na ndiye heshima ya mji, na nyimbo zinazoimbwa kwa litungu, zeze lao kubwa la nyuzi nane, humtaja kwa namna ambayo watu wa pwani humtajia jahazi. Kumtia ng'ombe hatiani ilikuwa kumgusa mtu mahali ambapo takwimu haziwezi kumwomba radhi.

Kejeli ile ilikuwa na nguvu, lakini ikichunguzwa kwa jicho la uhakiki ilikuwa na uvivu ndani yake. Kicheko kilijengwa juu ya dhana kwamba kinyesi hakiwezi kuua samaki. Dhana hiyo si kweli, na Mto Mara wenyewe ndio ushahidi. Mwaka 2018 watafiti waliochapisha kazi yao katika jarida la Nature Communications walionyesha kuwa viboko zaidi ya 4,000 wa Mara ya upande wa Kenya hujaza kinyesi katika mabwawa ya mto wakati wa kiangazi, na mvua inapokuja kwa ghafla uchafu ule husombwa, ukala oksijeni na kuwaua samaki walio chini ya mto. Mwaka mmoja kabla, 2017, utafiti mwingine ulikadiria kuwa nyumbu wapatao 6,250 huzama Mara kila mwaka wakati wa kuvuka. Mizoga yao huliwa na mamba, tai na samaki, na mifupa yao huendelea kuurutubisha mto kwa miaka. Kwa hiyo hoja ya kinyesi haikuwa ya kuchekwa kwa sababu ya kinyesi. Ilistahili kuulizwa maswali magumu zaidi: kwa nini mwaka ule, kwa nini pale, na ni vitu gani vingine vilivyopimwa, mahali gani na kwa siku ngapi. Mcheshi akishapata kicheko chake hupumzika, na umma uliocheka nao ukapumzika. Mvua zikaja, maji yakarejea rangi yake, na pamoja na rangi ile likaondoka somo la kutungia.

Hapo ndipo udhaifu wa ushairi wa hisi unapojitokeza. Mzoga na samadi ni uchafu unaojitangaza. Pua huujua kwa mbali, lakini mto unao uwezo wa kuumeng'enya, japo wakati mwingine hukabwa nao. Uchafu ambao mto hauwezi kuumeng'enya ndio hauna harufu.

Mfano wa kwanza uko Tigithe, mto mdogo unaopita kando ya mgodi wa North Mara, Nyamongo, na kumwaga maji yake katika Mara. Mwezi wa Mei 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodini, uliokuwa mali ya kampuni ya Barrick, yakaingia Tigithe. Wanavijiji walilalamikia samaki na mifugo iliyokufa, na maradhi ya ngozi yaliyowapata watu. Mabishano juu ya ukubwa wa madhara yaliendelea kwa miaka. Baadaye, 2019, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira liliutoza mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi, na mwezi wa Julai mwaka huohuo likazuia matumizi ya bwawa lake la mabaki. Maji yenye tindikali huweza kuwa maangavu kama kioo. Arseniki, ambayo ni sumu ijulikanayo ya maeneo ya migodi ya dhahabu, haina rangi, haina harufu, haina ladha. Mama aliyefunzwa na kila bwana afya kuwa achemshe maji ya kunywa, akayachemsha, huwa ameua vijidudu na kuiacha sumu ile palepale, tena katika maji yaliyopungua kwa mvuke.

Kuna jambo moja katika kisa cha 2009 ambalo mshairi yeyote mwenye jicho angelidaka. Kampuni ilijitetea kwa kueleza kuwa mvujo ulitokana na wizi wa karatasi za plastiki zilizotandikwa chini ya mabwawa na mifereji yake. Utetezi huo usadikiwe au usisadikiwe, picha inabaki: kati ya tindikali na mto wa watu palikuwa na turubai la plastiki tu, na turubai hilo, kwa maelezo ya mwenyewe mgodi, lilikuwa na thamani ya kuibwa kwa jirani aliye maskini. Plastiki ilikuwa mlinzi. Na plastiki ileile, ikishachakaa juani na kukatikakatika, ndiyo mfano wa pili wa uchafu usiojitangaza.

Chembe za plastiki zinazozungumzwa na wataalamu ni vipande visivyozidi milimita 5, na vilivyo vingi ni vidogo hata kuliko chembe ya unga. Havitengenezwi mahali pamoja hata pakapatikana mtu wa kukamatwa. Kiroba cha mchimbaji mdogo kilichobebewa mawe hadi kikafumka, kandambili iliyokatika, chupa ya maji, uzi wa nguo ya poliesta inayofuliwa ukingoni, tairi linalosagika barabarani, wavu wa timba uliotupwa ziwani: vyote husagwa na jua, mchanga na maji, vikawa vidogo, vikawa vidogo zaidi, wala havioni mwisho kama uonavyo mwisho mzoga wa nyumbu. Tanzania ilipiga marufuku pombe za viroba mwezi wa Machi 2017 na mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019. Zanzibar ilikuwa imetangulia kwa mifuko tangu 2006, na Kenya, kunakoanzia mto, ilifanya hivyo Agosti 2017. Hatua hizo ni za kupongezwa, ila marufuku huzuia kinachokuja; hakiokoti kilichokwisha kuzikwa katika tope la Mara. Rambo la mwaka 2005 bado lipo, limekuwa mambo elfu.

Ziwa ambalo Mara humwagia limekwisha kutoa ushahidi. Mwaka 2016 kulichapishwa utafiti uliotumia samaki walionunuliwa sokoni Mwanza, sato 20 na sangara 20. Katika kila aina, samaki mmoja kati ya watano alithibitishwa kuwa na plastiki tumboni. Ulikuwa ni uthibitisho wa kwanza wa namna hiyo katika Maziwa Makuu ya Afrika. Samaki wale walikuwa wazima wa kutazama. Mashavu mekundu, macho maangavu, harufu ya maji: kila kipimo cha mnunuzi hodari kingeliwapasisha.

Kuhusu afya ya binadamu elimu bado inatafuta, na mtunzi mwaminifu hana budi kuuheshimu mpaka huo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliyapitia yaliyojulikana juu ya chembe hizi katika maji ya kunywa, likasema ushahidi ni haba mno kutoa hukumu. Mwaka 2022 watafiti wa Uholanzi walizikuta katika damu ya watu 17 kati ya 22 waliopimwa. Mwaka 2024 madaktari wa Italia walichunguza mafuta yaliyoganda katika mishipa ya shingo ya wagonjwa wao, na wale waliokutwa na plastiki humo wakaonekana kupatwa zaidi na shtuko la moyo, kiharusi au mauti katika miaka iliyofuata. Madaktari wenyewe walionya kuwa kuandamana kwa mambo mawili si uthibitisho kuwa moja limelizaa jengine. Kisha kuna bahati mbaya ya kalenda: tarehe 2 Machi 2022, katika mwezi uleule Mara ulipogeuka mweusi, mataifa yalikutana Nairobi yakaazimia kuandika mkataba wa dunia dhidi ya uchafuzi wa plastiki. Vikao vya Busan mwishoni mwa 2024 na vya Geneva Agosti 2025 vilimalizika bila ya makubaliano. Kicheko cha ng'ombe kilisikika kote nchini. Azimio la Nairobi lilipita kimya.

Lugha yenyewe ina sehemu yake katika kimya hicho. Kiswahili kilipata kufanikiwa, hapo zamani, kukifanya kitu kisichoonekana kiogopwe na watu wote. Neno “vijidudu” lilifanya kazi hiyo. Kwa viambishi viwili vya udogo na shina moja la “dudu”, lugha iliwapa hata wasiojua kusoma mnyama mdogo, mwenye uhai na nia mbaya, anayeweza kuingia kwenye kikombe na anayeweza kuuawa kwa moto. Nyimbo za skuli zikamchukua, na watoto wakanawa mikono. Plastiki iliyosagika haijapata jina la aina hiyo. “Mikroplastiki” ni neno la semina. “Chembe za plastiki” ni maelezo. Tena “vijidudu” halitafaa kuazimwa, kwani plastiki haina uhai wa kutolewa, haizaliani, na moto wa jiko hauimalizi. Kulipata neno ambalo mvuvi wa Kirumi atalitumia bila ya kufundishwa ni kazi ya mtunzi kabla ya kuwa kazi ya kamati ya istilahi.

Kwa upande wa mbinu, hata hivyo, ushairi huu si maskini. Sanaa ya kusema kisichoonekana kwa kukitaja kinachoonekana ndiyo fani ambayo washairi wa pwani wamejivunia kupita zote, na jina lake ni fumbo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki 1840, aliutumia katika vita vya maneno vya siasa za wakati wake, na msikilizaji aliyejua alijua. Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyetutoka 2021, katika utungo uliompa jina mkusanyiko wake wa Kimbunga wa 1994, alieleza tufani iliyong'oa mibuyu na kuinusuru minazi. Kila msomaji wa visiwani ana maelezo yake juu ya tufani ile, na hakuna maelezo yanayoumaliza utungo. Siri ya nguvu zake ni kupindua vipimo. Kilicho kizito kimeanguka, kilicho chembamba kimesimama. Jicho linaona, akili inakataa, na katika mwanya huo ndipo maana inapopita. Hicho hasa ndicho kinachohitajika kwa mto ambao umekwisha kupindua vipimo: kinyesi kinachoonekana huliwa kikaisha, na kisichoonekana hubaki.

Al-Inkishafi nayo ina la kufunza. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir hakuuona utajiri wa Pate ukianguka siku moja. Aliyatazama magofu, akausoma ndani yake uzima uliokuwapo. Jina la utenzi huo lina maana ya kufunuka, kuondolewa pazia. Watunzi wa mazingira wanaufuata utenzi huo kwa majuto yake, wakauacha kwa utazamaji wake. Wanalia kabla hawajatazama. Anayetaka kuutungia Mto Mara leo angetakiwa kukaa mbele ya kipande cha kiroba kilichonasa kwenye mzizi wa mafunjo kwa subira ileile ambayo sayyid alikaa mbele ya kuta zilizoachiwa ndege, asikimbilie kusema “tusitupe”.

Lakini fumbo lina khatari yake, na hapa sifa zake zisimlevye mtu. Fumbo lilizaliwa pia kutokana na woga. Humlinda msemaji, na mara nyingi humlinda msemwa. Katika jambo la Tigithe, wakulima wa kando ya mto hawakuwa na haja ya jazanda; walikuwa na haja ya majina, tarehe na vipimo vilivyoandikwa, kwa kuwa madai yao yalipingwa palepale ambapo majina, tarehe na vipimo vilikosekana. Utungo unaosema “joka la dhahabu limetema sumu” huenda ukapigiwa makofi Dar es Salaam, na joka lenyewe likawa miongoni mwa wapiga makofi. Ndiyo maana fumbo peke yake halitoshi. Linahitaji kuchanganywa na kitu ambacho ushairi wa pwani haujakizoea sana, nacho ni umakini wa vitu.

Umakini huo unapatikana katika ziwa hilohilo. Watu wa bahari ya chumvi husahau kuwa Ukerewe nayo ni kisiwa, na kuwa kimewapa Kiswahili waandishi wawili wasio na mfano. Aniceti Kitereza alimaliza riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Ilitoka kwa Kiswahili 1980. Wapo walioiona ndefu na yenye kupotea katika maelezo ya uvuvi, upishi wa pombe, dawa na windo la kiboko. Maelezo hayo ndiyo hazina. Kwa Kitereza hakuna “samaki” tu wala “chombo” tu. Kila kitu kina jina lake, namna yake ya kutengenezwa na mtu aliyekitengeneza. Ulimwengu wake ni wa vitu vilivyosukwa kwa nyuzi za mimea, vitu ambavyo vikitupwa ziwani ziwa huvila. Msomaji wa leo anayesoma kurasa zile huku akijua kilichokutwa katika matumbo ya samaki wa Mwanza hupata mshituko ambao hakuna shairi la tarehe 5 Juni lililopata kuutoa, ingawa mwandishi hakutia onyo hata moja. Wa pili, Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, alipotoa Kichomi mwaka 1974 alikaribishwa na ugomvi wa vina na mizani, na ugomvi huo ukadumu kwa miongo. Ulikuwa ugomvi halali. Ila uliifanya hadhira iliyokuwa ikimhesabia silabi isahau kuuliza mtu wa kisiwa cha maji baridi alikuwa anaona nini.

Ugomvi huo wa vina, ajabu, unarudi kwa mlango mwengine pindi Mto Mara unapoingizwa katika utungo wa kimapokeo. “Mara” ni neno jepesi. Kina chake cha -ra kina jamaa wasiohesabika, na tajnisi yake iko tayari mkononi, mara hivi na mara vile, hata mtunzi wa kiwango cha chini hawezi kukwama. “Tigithe” ni shughuli nyengine. Maneno ya Kiswahili yanayoishia kwa -the ni adimu mno, na mtunzi wa tarbia anayetaka kuliweka jina hilo mwisho wa mshororo atatafuta kina cha pili, na cha tatu, asikipate. Bila shaka atashawishika kuuacha mto mdogo na kuutungia ule mkubwa, kwa sababu tu mkubwa una vina. Na ule uliovujiwa na tindikali mwaka 2009 utakuwa umefutwa na kanuni ya sanaa, pasi na nia mbaya ya mtu yeyote. Njia zipo. Silabi zake tatu zinakaa vyema ndani ya kipande cha silabi nane, mbali na kina. Mtindo huru nao unalipokea bila ya mashaka. Au utenzi mzima ujengwe juu ya wakaazi wa ukingo wake, na jina liachwe lirudi kila mara katika nafasi ileile ya mshororo, mahali ambapo sikio la pwani, lililozoea kungoja kina, litalazimika kusikia neno ambalo halina mwenziwe.